Kuandika Ngano ya Barakoa: Jinsi ya Kumbadilisha Mhusika Tabia Bila Kuhubiri

Kila anayejaribu kuandika ngano yenye barakoa huishia kuuliza mambo yaleyale. Barakoa ivuliwe au ibaki? Mbona mhusika akigeuka kuwa mwema wasomaji hawasadiki? Na mtu aliyejificha nyuma ya sura ya mwingine, si bado ni mwongo tu? Haya ni majibu ya vitendo kwa anayetaka kuandika hadithi ya maneno 3,000 hivi. Yote yanasimama juu ya jambo moja: barakoa yenyewe haimbadilishi mtu. Kinachombadilisha ni kazi ambazo sura ile inamtwisha, moja baada ya nyingine, mpaka mkono wake unazizoea.

Mfano tutakaoutumia toka mwanzo hadi mwisho ni huu. Faki ni mpima nafaka anayewapunja wateja. Amefukuzwa sokoni, anakwenda mji wa mbali akiwa amevaa barakoa yenye sura ya Mzee Amani, mpimaji marehemu aliyesifika kwa haki. Nia yake ni kumaliza magunia yaliyombakia, kisha atoweke.

Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Uovu mmoja wa mhusika mkuu, unaofanyika kwa mkono au kwa mdomo. Mmoja tu.
- Barakoa yenye mwenyewe: sura ya nani, na imetengenezwa kwa kitu gani.
- Mtu mmoja aliyedhulumiwa na mhusika zamani. Kwetu ni Bi Zuhura, mjane.
- Mtu mmoja anayeijua barakoa tu, hajawahi kuuona uso wa ndani. Kwetu ni Sudi, mtoto yatima.
- Karatasi yenye safu tatu: tendo, gharama, aliyeona.
- Mgawanyo wa maneno. Kwa hadithi ya maneno 3,000, barakoa ivaliwe kabla ya neno la 600, aliyedhulumiwa atokee karibu na la 2,000, barakoa itoke karibu na la 2,400. Maneno 600 ya mwisho yana kazi yake, usiyale.

Wengi hukimbilia kuchora sura ya barakoa na kusahau ile karatasi ya safu tatu. Hiyo karatasi ndiyo hadithi.

Hatua

1. Chagua uovu wenye tendo.
"Alikuwa mbaya" haisaidii. "Alikuwa bahili" inasaidia kidogo. "Alipopima nafaka alitumbukiza kidole gumba ndani ya kibaba ili kijae upesi" ndiyo unayoitafuta, maana tendo la namna hii linaweza kuonekana likirudiwa, likisita, na mwishowe likiachwa. Jiulize: kama hadithi ingekuwa picha isiyo na sauti, mtazamaji angemwona mhusika wangu akifanya nini?

Tena si kila uovu unafaa. Katika ngano ya mrembo na mnyama kama alivyoiandika Jeanne-Marie Leprince de Beaumont mwaka 1756, dada wawili wenye husuda wanageuzwa sanamu mlangoni mwa jumba la mdogo wao, akili zao zikiwa timamu ndani ya jiwe. Bibi mwema mwenye uchawi aliyewageuza anasema kiburi, hasira, ulafi na uvivu hurekebishika, lakini moyo wenye husuda kugeuka ni muujiza. Unaweza kubishana na orodha hiyo, ila kwa fundi wa hadithi ina maana sana: uovu wenye mazoea ya mwili (kupunja, kula kupita kiasi, kufoka, kusema uongo) hutibika kwa mazoea mengine. Husuda haina tendo lake maalumu la kuonyesha, kwa hiyo barakoa haipati pa kuishika. Kama ndiyo hadithi yako ya kwanza, iache.

2. Amua barakoa ni ya nani na ni ya kitu gani.
Barakoa ya "mtu mwema" kwa jumla ni tupu. Inatakiwa iwe sura ya mtu ambaye watu wana madai juu yake. Mzee Amani alikuwa akipima kibaba cha tele, kilichofura juu, wala si cha mfuto. Kwa hiyo Faki akishavaa sura ile, wateja wanaitazama nafaka ikifutwa sawa na ukingo, halafu wanamtazama yeye machoni. Hawasemi kitu. Kazi imeshaanza.

Kitu kilichotumika kutengenezea nacho kinakupa matukio ya bure:

- Mti haukunjuki. Aliyeuvaa hawezi kutabasamu wala kununa, hivyo wema wake lazima utoke kwa mikono na sauti.
- Nta huyeyuka. Hakai karibu na moto, hapiki, hatembei jua la adhuhuri. Akija mtoto ambaye nguo yake imeshika moto, una tukio tayari.
- Ngozi husinyaa ikilowa kisha ikakauka. Machozi na jasho vinaibana usoni. Ni nzuri kwa hadithi ya mtu ambaye barakoa inakataa kumtoka.
- Kitambaa huonyesha pumzi. Anayehema kwa woga anajulikana.

Chagua kimoja, kisha kikumbuke katika kila ukurasa. Kosa la kawaida ni barakoa ya mti inayokunja uso kwa huzuni katikati ya hadithi kwa sababu mwandishi amesahau. Ya Faki ni ya nta.

Hadhari nyingine hapa. Ngano nyingi za kale zililinganisha sura na roho: mzuri ni mwema, mwenye kovu au kibyongo ni mwovu. Ukifanya uso wa ndani uwe na kovu na barakoa iwe laini, umemwambia msomaji mwenye kovu kwamba yeye ndiye mwovu. Mpe Faki uso wa kawaida kabisa, ambao watu waliuchukia kwa sababu waliujua.

3. Mpe sababu chafu ya kuivaa.
Anayevaa barakoa ili awe mwema ameshakuwa mwema, na hadithi yako imekwisha. Faki anaivaa ili auze. Wengine huivaa ili wapendwe, wajifiche na deni, au waingie mahali wasipokaribishwa. Sababu iwe ndogo na ya haraka, tena iwe na mwisho: "siku saba tu, kisha naivua". Hiyo siku ya saba itakuja kukufaa, maana itafika wakati yeye hayuko tayari.

Aliyeitengeneza barakoa asihubiri. Mchongaji wa ngano mara nyingi hugeuzwa mwalimu wa maadili mwenye maneno 300 ya busara. Mpe sentensi mbili za biashara na swali moja lisilo na majibu, kisha mtoe.

4. Weka masharti.
Ngano bila mwiko haina taharuki. Masharti mawili au matatu yanatosha: moja la wakati (lazima aivue usiku kabla ya kulala), moja la mwili (asikaribie moto), na kama hadithi ni ndefu, moja la maneno (asiseme jina lake halisi). Yataje mapema kwa sentensi fupi, usiyarudie mpaka yanapovunjwa.

Liko sharti moja ambalo karibu kila anayeanza huliweka, nalo linaua hadithi: "barakoa itaanguka akitenda uovu". Likishakuwepo, mhusika anatenda mema kwa kuogopa kuumbuka, basi. Barakoa imekuwa askari. Mwachie Faki uhuru wote wa kuiba akiwa ndani ya sura ya Mzee Amani, na aitumie nafasi hiyo angalau mara moja. Siku ya kwanza awauzie watu wazima nafaka kwa kidole gumba ndani, wao wakimshukuru. Msomaji akasirike.

5. Jaza karatasi ya matendo.
Hapa ndipo pa kukaa muda mrefu. Andika matendo saba ambayo sura ile inaweza kumtwisha, halafu chagua manne. Yapange hivi, na usibadilishe mpangilio bila sababu:

a) Tendo la maonyesho. Anatenda wema kwa sababu watu wanatazama, nalo linamletea faida. Gharama: hakuna.

b) Tendo la kushurutishwa. Anaombwa jambo ambalo Mzee Amani asingelikataa, naye akikataa atashukiwa. Gharama: ndogo, na inamuudhi. Wanamletea Sudi akae naye kwa siku mbili.

c) Tendo lisiloonwa. Usiku, barakoa imening'inia ukutani, hana wa kumdanganya. Kuna jambo dogo la kufanya au kuliacha.

d) Tendo la hasara. Anajua litamvua barakoa au litammalizia mali, na bado analifanya.

Tendo (c) ndilo bawaba ya hadithi nzima, na ndilo linalosahaulika zaidi. Bila hilo msomaji ana haki ya kusema mhusika anaigiza tu. Lifanye dogo: asiokoe mji, asimpiganie mtu. Anyanyuke gizani akamfunike mtoto, au afungue gunia aliloshona jioni na kurudishia alichokipunguza.

Sasa tazama tendo (b) likiwa limeandikwa:

> Kibaba kilikuwa cha bati, ukingo wake umeng'aa kwa kushikwashikwa. Faki alikizamisha guniani, akakiinua, akafuta juu kwa kiganja. Kidole gumba kilikuwa kimeshaingia ndani, mahali pake pa miaka yote. Sudi hakuona. Sudi alikuwa anamwangalia Mzee Amani usoni. Faki akamimina nafaka kwenye kikapu cha mtoto, akazitazama zilivyolala. Kisha akachota ukofi mmoja, akaongeza.

Humo hamna moyo uliolainika wala dhamiri iliyosema. Kidole bado ni mwizi, kimeingia chenyewe. Marekebisho yamekuja baadaye, tena yamezidi wizi wenyewe, kwa sababu Faki hajajua kupima haki. Anajua kupunja, na leo amejifunza kufidia. Katika tendo (c) kidole kiingie kisha kitoke. Katika upimaji wa mwisho kabla ya (d) kishike ukingo kwa nje, na wewe msimulizi usiseme lolote juu yake. Kama ulikionyesha vizuri mara tatu za kwanza, msomaji atakitafuta mwenyewe.

Kwa kila tendo jaza safu ya gharama kwa kitu kinachohesabika: vibaba, siku, fedha, usingizi. "Ilimuuma" si gharama. Kama safu hiyo inabaki tupu au namba hazipandi kutoka (a) kwenda (d), usianze kuandika rasimu. Rudi kwenye karatasi.

6. Pitisha siku ya mwisho.
Ile siku ya saba aliyojiwekea ifike kimyakimya. Aya mbili zinatosha. Magunia yameisha, njia iko wazi, hakuna anayemfukuza. Asitoe hotuba ya kwa nini anabaki. Mpe udhuru wa kijinga: mvua inanyesha, kibaba kinahitaji kuzibwa. Mtu anayebadilika mara nyingi ndiye wa mwisho kujua.

7. Mlete aliyedhulumiwa.
Waandishi wengi humfanya huyu adui: mwanamke mwenye wivu, mshirika wa zamani wa uhalifu, jirani mmbea. Inawezekana, lakini ni njia rahisi, kwa kuwa msomaji atamchukia yeye na kumsamehe mhusika mkuu bure. Bi Zuhura ana nguvu zaidi kwa sababu madai yake ni ya kweli. Alinunua nafaka za msimu mzima, zikamwishia kabla ya mavuno. Anakuja mjini na kuitambua sauti.

Hapo pia unajibu lile swali la "mbona hawakumjua kwa sauti?" Wenyeji wa mji ule hawakuwahi kumsikia Faki. Bi Zuhura alibishana naye mara nyingi kwenye foleni.

8. Ivue barakoa.
Kanuni tatu. Mara hii ya mwisho mhusika asiivue kwa hiari yake akiwa peke yake, kama anavyofanya kila usiku. Tukio lisizidi maneno 150. Na kusiwe na mwanga, radi wala muziki.

Namna za kumalizia zipo kadhaa, na kila moja ina bei yake:

- *Uso wa ndani umekuwa kama barakoa.* Ndiyo njia ya Max Beerbohm katika hekaya yake ya mwaka 1896, ambamo bwana fasiki anavaa sura ya mtakatifu ili aoe, na barakoa inapong'olewa uso uliomo chini unakutwa umefanana nayo. Inapendeza, lakini imeshafanywa vizuri mno, na ina hatari ya kumpa mhusika zawadi kabla ya kulipa deni.
- *Uso ni uleule wa zamani.* Watu wanaona mwizi waliyemsikia. Matendo ya wiki nzima na uso huu havipatani, nao ndio wanaopaswa kuamua. Hii ni ngumu na ndiyo ninayoipendelea.
- *Barakoa haitoki.* Aliitumia vibaya hadi mwisho, sasa amefungwa ndani ya sura ambayo kila mtu anaidai wema asioweza kuutoa. Inafaa ngano ya kutisha.
- *Hakuna aliyegundua imetoka.* Inachekesha. Ijaribu kwenye hadithi ya maneno 1,000, si zaidi.

Kwa Faki, tendo (d) ndilo linaloivua. Ghala linawaka, Sudi yumo ndani, nta haihimili moto. Bi Zuhura amesimama mlangoni anaona uso unavyotiririka hadi shingoni. Maliza hapo, nenda aya inayofuata.

9. Lipa deni.
Yale maneno 600 ya mwisho ni ya hapa. Kubadilika tabia hakurudishi nafaka za watu. Kama hadithi yako inaishia pale barakoa ilipotoka na wote wakashangilia, umemwokoa mhusika na kumsahau mjane. Onyesha malipo: kiasi gani, kwa muda gani, nani anahesabu. Faki apime mbele ya Bi Zuhura, uso mtupu, na yeye mama ndiye ashike kibaba.

Bi Zuhura halazimiki kusamehe. Anaweza kupokea nafaka, kuzihesabu, na kuondoka bila kuaga. Wahariri wengine watakuambia mwisho huo ni mkavu. Usikubali kirahisi.

10. Soma kwa sauti, kisha kata.
Ngano iliumbwa kwa ajili ya sikio. Isome yote bila kusimama, uweke alama kila ulimi unapojikwaa. Halafu tafuta maneno haya ndani ya rasimu: "moyo wake", "alitambua kuwa", "tangu siku hiyo", "alijifunza". Kila unapolikuta mojawapo, futa sentensi nzima na uangalie kama hadithi imepungukiwa. Mara nyingi haipungukiwi na chochote.

Ukikwama

*Wasomaji hawasadiki mabadiliko.* Angalia tendo (c). Ama halipo, ama lina shahidi. Kama mtoto alikuwa macho, mlaze.

*Mapenzi yamemeza hadithi.* Mhusika anatenda kila kitu kwa ajili ya mpenzi, kwa hiyo barakoa haina kazi. Tendo la hasara limwendee mtu asiyeweza kumlipa chochote, wala kumpenda kwa namna hiyo.

*Barakoa imekuwa kichekesho.* Umeieleza mara nyingi mno. Baada ya kuvaliwa itaje kwa kitu inachozuia tu: hawezi kunywa chai ya moto, anakaa mbali na jiko. Mara nne kwa hadithi nzima zinatosha.

*Mhusika anachosha akishakuwa mwema.* Amepoteza ujanja wake. Mwachie ukali wa akili na ulimi wa soko. Alipunja kwa sababu alijua hesabu kuliko wenzake, na hesabu hiyohiyo sasa inagawa chakula cha mji wakati wa njaa. Kilichoondoka ni kidole gumba tu.

*Msimulizi anajua mno.* Ikiwa unasimulia kwa nafsi ya kwanza, Faki mwenyewe akisema, kila sentensi itageuka kujitetea. Hamia nafsi ya tatu, au mpe Sudi usimulizi akiwa mtu mzima. Ukimpa Sudi, kumbuka hakuona kidole ndani ya kibaba siku ile. Itabidi mtu mwingine amwambie, na huyo hawezi kuwa mwingine ila Bi Zuhura.

*Hadithi imevuka maneno 5,000.* Una matendo sita badala ya manne, au una waovu wawili. Kata mwovu wa pili kwanza.